Kupiga Jamvi Mara Mbili

Majuma sita ya kwanza, pale Kutaisi,
katika ukumbi uliokuwa zamani ghala la nyuzi,
Mwalimu Guramu hakutufunza kumwangusha mtu.
Alitufunza kuanguka.
Kidevu kifuani, mgongo uviringe kama kata,
kiganja kitangulie kulipiga jamvi, pa!
jamvi lipokee yale maumivu
yaliyokuwa yakiutafuta mfupa.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Niliona upuuzi.
Kwetu hakuna aliyewahi kuanguka:
baba hakukosea, mama hakukosea,
kaka yangu Jumberi alikosea mara moja, mwaka wa mafuriko,
akaulaumu mto.

Kisha tukafunzwa ukosi.
Ukiukamata kwa pupa, alisema Mwalimu,
umeshamwambia mwenzio yote:
kwamba unaogopa, una haraka,
na goti la kushoto linakusumbua.
Shika kama umshikavyo mtoto mkono barabarani,
halafu sikiliza. Vidole navyo vina masikio.
Akisukuma, usisukume. Akivuta, mfuate,
ufike anakokuvutia kabla yake.

Na ukikabwa, piga jamvi mara mbili.
Si aibu. Aibu ni kuzimia
kwa sababu ya mkono uliokuwa huru.

Nikapiga watu mwereka. Medali saba
zimo ndani ya kopo la biskuti.
Ila mezani nilibaki yule yule wa vichochoroni,
neno kwa neno, la pili kabla la kwanza halijatua;
mume niliyeachana naye
alikuwa akiisikia kengele ya raundi
kila nilipoweka kijiko chini.

Siku ya arobaini ya baba.
Wageni wameondoka, mikate imebaki, divai imebaki,
jirani Tsiala amesahau miwani yake kando ya sahani ya jozi.
Jumberi anafuta meza pasipo na uchafu.
Anafuta tena. Anasema bila kuniangalia:
"Miaka sita. Ulikuwa wapi?"

Nilikuwa Bari, Italia,
nikimwogesha baba wa mtu mwingine.
Na dawa za baba yetu zilitoka katika mikono hii,
na paa hili, na hata kitambaa hicho unachofutia.
Jibu lilikuwa tayari mguuni, ngwala safi,
angeanguka kifudifudi kati ya masahani.

Nikahisi uzito wake wote
ukija upande wangu.
Nikalegeza.
"Sikuwepo," nikasema. "Kweli, sikuwepo."
Kiganja changu kikagonga meza,
mara mbili, polepole, chenyewe.

Alikuwa amejiandaa kwa ukuta.
Hakukuwa na ukuta.
Akaja mzima mzima, kaka yangu, mtu wa kilo mia,
akaangukia pale nilipokuwa nimesimama:
"Usiku ule alikuita. Nikamwambia uko njiani.
Nikamwambia umefika Batumi.
Nikamwambia nasikia gari."

Sijui kama ule ulikuwa ukweli au mwereka.
Najiuliza mpaka leo.
Ukimpa mtu njia ili aanguke, umempa njia?
Mwili wangu haujui tofauti,
umefanya hivyo mara elfu
mbele ya waamuzi.

Lakini kulikuwa na somo jingine,
ambalo Mwalimu hakulisema kwa maneno,
alitupiga tu kofi la kisogo tuliposahau:
ukishamwangusha, usiuachie mkono wa nguo yake.
Uvute juu kidogo,
kichwa chake kisifike chini.

Nikaushika.
Ulikuwa umelowa maji ya vyombo hadi kiwikoni.
Tukakaa hivyo, yeye akilia, mimi nikiwa nimeshika,
mpaka Tsiala akagonga mlango
kutafuta miwani.